Mshauri Nasaha Naye Ahesabiwe Shabaha

Askari afundishwapo kulenga shabaha, karatasi huletwa ikahesabiwa matundu. Mafunzo na kipimo huenda pamoja. Mbona basi mshauri nasaha ahitimu pasipo kujulikana kama wagonjwa wake walipona?

Swali hili laihusu Mashariki ya Uganda. Kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Busitema kipo Mbale tangu 2013, pamoja na hospitali ya rufaa. Jinja nako kuna hospitali ya rufaa na makambi ya jeshi. Zahanati ya ushauri ya chuo yaweza kuwa darasa na mahali pa utafiti papo hapo.

Jambo hili limekwisha kujaribiwa Rakai na Masaka. Wenyeji wasio madaktari walifunzwa wiki 2, wakaongoza vikundi vya wenye sonona kwa wiki 16 katika nusu ya vijiji 30, huku watafiti wakipima. Matokeo yalichapishwa 2003: waliobaki na ugonjwa katika vikundi walikuwa 6.5 kwa mia, kwingineko 54.7. Pasipo kipimo tungebaki na sifa tupu.

Tatizo kubwa ni siri. Konstebo aotaye kila usiku maiti aliyoiokota barabarani hatafumbua kinywa akishuku kwamba daftari la mtafiti litafika mezani kwa mkubwa wake. Wala halaumiki. Kwa hiyo jina lisiandikwe penye majibu. Anayekataa kupimwa atibiwe vilevile. Mwanafunzi naye asiachwe peke yake na majonzi mazito kama hayo: mwalimu wake awe chumba cha pili, mlango wazi.