Tumalize Moja Kwanza



Kila mwaka, mvua za Mei zinapopungua, katika parokia zetu za Kabambare na Kasongo husikika neno lile lile: mwaka huu tujenge. Darasa limebomoka, ukumbi wa vijana hauna paa, nyumba ya katekista inavuja. Yote ni mahitaji ya kweli. Basi, ili asiudhike mtu, tunaanza yote kwa pamoja. Septemba hutukuta na kuta zilizofika madirishani, bila paa hata moja.

Sisi wazee tumeshiriki kosa hilo. Tumeona matofali mabichi, jasho la vijana la miezi miwili, yakirudi kuwa udongo kwa mvua za juma moja. Hatukuibiwa na mtu, tulikosa mpango.

Tufanye hesabu nyepesi. Tuseme tuna fundi mwashi mmoja, na baada ya kufyatua na kuchoma matofali yamebaki majuma 8 ya kiangazi. Kila nyumba inadai majuma 6 ya fundi, tangu msingi hadi mabati. Akizigawia nyumba mbili siku zake sawasawa, mvua itazikuta zote zimefika theluthi mbili, na zote ziko wazi. Akimaliza kwanza moja, mvua itakuta nyumba yenye paa, na pembeni yake msingi wa mawe ambao hauogopi mvua kama ukuta. Jasho ni lile lile. Kilichobadilika ni utaratibu.

Je, wengine wakae bure? Hasha. Aliye haba ni fundi, si kila mtu. Yeye anapopandisha ukuta, wengine wachote maji, wakusanye mawe na mchanga, wapasue mbao zianze kukauka kivulini. Kanuni ni hii: tutambue kwanza kilicho haba kuliko vyote, tukipangie siku zake, kisha mengine yote yakifuate. Pengine ni fundi. Pengine ni mabati na saruji, ambavyo hutoka mbali na lazima vifike kabla barabara haijawa matope.

Historia ya jimbo letu inalo fundisho, ingawa ni chungu. Wakoloni hawakutandika reli kandokando ya Lualaba yote. Palipopitika kwa meli waliuacha mto ufanye kazi, wakajenga reli pale tu penye maporomoko: kwanza Kisangani hadi Ubundu, iliyofunguliwa mwaka 1906, kisha Kindu hadi Kongolo. Walijua kuhesabu vyuma, lakini hawakuhesabu nguvu za babu zetu waliolazimishwa kufanya kazi. Sisi tusirudie dhambi hiyo. Salongo isiyojali kwamba mama wa kijana anamngoja shambani kabla ya kupanda ni mpango mbaya, hata kama ukuta utapanda haraka.

Lakini ugumu wenyewe hauko katika hesabu. Uko katika swali hili: nani atakubali kungoja? Hapa tunasema wazi maoni yetu. Darasa litangulie, na ukumbi wenu, ninyi vijana, ungoje. Ninyi mnaweza kukutana chini ya mwembe mwaka mmoja zaidi. Mtoto wa darasa la kwanza hawezi kuahirisha umri wake. Tunajua kwamba tunawaomba jambo zito, kwa sababu mmeahidiwa mara nyingi. Kwa hiyo zamu iandikwe, isomwe mbele ya jumuiya zote, na wazazi wa watoto hao wawe wa kwanza kubeba matofali ya ukumbi kiangazi kijacho. Anayengoja bila ahadi iliyoandikwa huchoka, naye ana haki ya kuchoka.

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana anamtaja mtu aliyeanza mnara asiweze kuumaliza, watu wakamcheka. Mtu yule hakukosa bidii. Alikosa kuketi kwanza na kuhesabu. Basi kabla ya kushika majembe, tuketi.