Theluthi Moja ya Mshahara



Tumeona yafaa kunena habari ya madeni, maana jambo hili limewashika wengi wetu walio Karatu na walio juu Ngorongoro, nao huona haya kulitaja.

Sheria yataka makato yote yamwachie mtumishi si chini ya theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Ni sheria njema; ila wengi huidhania kuwa ngome, nayo ina mlango ulio wazi. Mtu mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 900,000 hukatwa 5 kwa mia za mfuko wa pensheni, 3 kwa mia za bima ya afya, 15 kwa mia ikiwa anadaiwa na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, na kodi juu yake; hubaki na kama 600,000. Akikopa benki hata kufikia mpaka wa sheria, hubaki na 300,000. Ndipo humwendea yule wa mtaani, ambaye mikopo yake watu wameiita kausha damu, akamwachia kadi ya benki pamoja na namba ya siri. Deni hilo halimo katika hati ya mshahara, na theluthi ile haimlindi.

Tuseme amekopa 100,000 kwa riba ya 20 kwa mia kila mwezi, naye alipa riba tu. Mwaka ukiisha ametoa 240,000, na ile 100,000 ipo pale pale.

Basi hesabu ya nyumba na ianze kwa fedha ile inayofika mkononi, si kwa 900,000 ya karatasi, tena iandikwe kabla ya siku ya mshahara. Kwanza chakula, pango na nauli. Aliye Ngorongoro, ambako kilimo ni marufuku, na ahesabu unga unaopandishwa kutoka Karatu, na mablanketi ya baridi ya Juni na Julai. Ada za shule za Serikali ziliondolewa mwaka 2016 hadi kidato cha nne, na 2022 kwa cha tano na cha sita, lakini sare na madaftari ya Januari hayakuondolewa. Wako pia wanaoandika katika mapato vitunguu vya Mang'ola vilivyo bado shambani, au posho ya safari ambayo haijaidhinishwa! Hayo si mapato.

Kinachosalia chote kiende kwa mwenye kadi. Benki hujikatia yenyewe, na riba yake ni ndogo kuliko ya huyu. Mdai na aandike kiasi kilichobaki kila mara alipwapo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 yamtaka awe na leseni, nawe waweza kuuliza aionyeshe. Siku ya kumaliza, chukua kadi yako, uende benki ukabadili namba ya siri siku ile ile.