Tulipeni Kwanza, Kisha Mtufundishe Kupumua

"Fumbeni macho. Vuteni hewa mkihesabu hadi nne. Iachieni polepole." Nilikuwa kwenye kiti cha plastiki, katika ukumbi mmoja wa hapa Baraka, katika eneo la Fizi nchini Kongo, nimefumba jicho moja tu. La pili lilikuwa likimtazama mama muuguzi aliyeketi kando yangu, aliyekuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku. Hesabu ilipofika tatu alikuwa ameshasinzia, kichwa kimeangukia kifuani. Mwezeshaji akafurahi: "Mnaona? Mama huyu ameshatulia."

Ametulia wapi! Mama alikuwa amechoka, na waliomchosha wanajulikana.

Kila tarehe 10 Oktoba inapokaribia, Siku ya Afya ya Akili Duniani, semina za namna hii zinaota kama uyoga. Mwaka 2024 mada ya siku hiyo ilikuwa afya ya akili mahali pa kazi, na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni jinsi ilivyotufikia huku Fizi imegeuzwa sura: imekuwa somo la kumfundisha mfanyakazi kuvumilia. Kunywa maji. Lala kwa muda wa saa nane. Kazi ibaki kazini. Kazi ibaki kazini! Kamwambie hivyo muuguzi wa kijijini ambaye mlango wake unagongwa saa tisa za usiku na watu waliombeba mama mjamzito kwenye machela ya miti.

Uchovu huu wa akili sisi tunauita mawazo. Fulani ana mawazo, tunasema, kana kwamba mawazo yanaota kichwani yenyewe kama mvi. Hebu tuyafuate hadi yanakotoka.

Katika sentre zetu za afya wapo wauguzi waliofanya kazi miaka na miaka bila kumekanizwa, yaani majina yao hayajaingia kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Wengine wanapata primu tu, yaani marupurupu, tena ikikumbukwa. Wengine hawapati hata hiyo, wanagawana kile ambacho wagonjwa wameacha dirishani mwisho wa mwezi. Maana yake muuguzi anamwombea mgonjwa apone, na katika sala ileile anamwombea awe na pesa. Mama maskini akitibiwa bure, watoto wa muuguzi wanalala njaa. Akirudishwa nyumbani, muuguzi ndiye asiyelala. Kuna zoezi gani la kupumua linalolingana na hilo? Shuleni hali ni hiyohiyo. Masomo ya msingi yametangazwa kuwa ya bure tangu Septemba 2019, wazazi wakashangilia, nami nilishangilia, lakini mwalimu asiye kwenye orodha ya malipo ndiye aliyeachiwa kugharimia shangwe zetu.

Katiba ya Februari 2006, kifungu cha 36, inasema serikali inamhakikishia mfanyakazi malipo ya haki yatakayomwezesha yeye na familia yake kuishi kwa heshima. Kifungu kizuri sana. Sisi tunaishi kwa kile cha 15, ambacho kila Mkongomani anakijua ingawa maneno yake hayamo kwenye kitabu hicho: kila mtu ajitafutie.

Na wale wanaopenda mambo ya kitaalamu, tuzungumze ya kitaalamu. Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, aliyeandika mwaka 1974 juu ya watu wanaoungua kwa kazi hadi kubaki majivu, hakuwa akiwazungumzia wavivu. Aliwazungumzia watu wa kujitolea katika kliniki ya bure huko New York. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaufafanua uchovu huo kwenye orodha yake ya magonjwa na hali za kiafya, likaeleza kwamba si ugonjwa, ni hali inayoletwa na kazi yenyewe. Basi mnaleta dawa kwa mfanyakazi kwa nini? Itibuni kazi.

Niguse na lile tusilopenda kuligusa. Siku ya mwaka mpya wa 2011, askari wa serikali walibaka wanawake wengi katika Fizi mjini. Mwezi uliofuata mahakama ya kijeshi ilihamia hapa Baraka, na tarehe 21 Februari Luteni Kanali Kibibi Mutware akahukumiwa kifungo cha miaka 20. Dunia ilipiga makofi, na ilistahili. Lakini wanawake wale walipoeleza yaliyowapata, maneno yao yalipita katika masikio ya watu waliokuwa kazini: makarani, wakalimani, wauguzi waliowapokea mwanzo. Nani aliwauliza wao walilala vipi usiku ule? Kusikiliza nako ni kazi, na kunajeruhi. Wazee wetu Wabembe walikuwa na lubunga, banda la kuketi na kuyatoa ya moyoni. (Wanaume tu, msiniambie sijui, mama muuguzi asingepata kiti hata huko.) Leo watu wameshakimbia vijiji mara ngapi? Lubunga inabaki na nani?

Halafu kuna wageni wetu. Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) walikuwa nasi tangu mwaka 2003, na Desemba 2020 wakatangaza kujiondoa Fizi baada ya wafanyakazi wao kushambuliwa mara kadhaa. Siwalaumu. Anayepigwa risasi ana haki ya kuondoka. Ninachouliza ni kuhusu asiyeweza kuondoka, mzaliwa wa hapa, ambaye kwake njia ni ileile na bunduki ni zilezile. Katika mashirika mengi mgeni akishakaa wiki kadhaa mahali kama hapa anapewa mapumziko ya lazima, tiketi imelipwa, kwa sababu wakubwa wake wanajua akili ya mtu ina kikomo. Dereva wetu anampeleka hadi kwenye ndege, anamuaga, kisha anageuza gari na kurudi kwenye baryeri zilezile, vizuizi vya barabarani. Kumbe kikomo kinapimwa kwa pasipoti!

Mtaniambia pesa hakuna, mtaniambia vita. Vita tunavijua kuliko ninyi, waheshimiwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba penye vita, watu 22 kati ya 100 wana tatizo fulani la akili. Hospitali ya magonjwa ya akili, SOSAME, iko Bukavu, na Februari 2025 Bukavu iliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Hiyo ndiyo sababu ya kumlinda haraka zaidi huyu aliyebaki kazini, kwani akivunjika, wa kumpokea hayupo.

Ukumbi ulikodiwa, wawezeshaji wakalipwa posho, soda na vitumbua vikaja, fulana zikachapishwa. Kwa hiyo msiniambie pesa hakuna. Kwa pesa hizo angelipwa muuguzi wa kushika zamu za yule mama kwa wiki chache, naye akalala kitandani kwake.

Nilimgusa bega makofi yalipoanza. Alishtuka, akasimama wima, akauliza mgonjwa yuko wapi.