«Ni mutoto wangu, nilimuazibu»: jibu hilo halitoshi

Katika kila kartie ya Lubumbashi, ya Likasi na ya Kolwezi, watu wanajua jibu hilo. Jirani anasikia mutoto analia usiku, asubui anaona mukono umevimba ao mugongo umepasuka. Anauliza. Muzazi anajibu: «Ni mutoto wangu, nilimuazibu.» Mazungumuzo inakwisha pale. Chefu wa avenue ananyamaza, polisi ananyamaza, na mara nyingi hata dosie haifunguliwe.

Sisi tunasema kama pale ndipo maulizo inapashwa kuanza.

Hatukatae malezi. Wazee walisema samaki hukunjwa ingali mubichi, na sheria yetu inakubali vile. Kode ya jamaa ya mwaka 1987, kifungu 326, inamupa muzazi ruhusa ya kukaripia mutoto na kumuazibu, lakini kwa kipimo chenye kupatana na umri wake na chenye kusaidia mwenendo wake ubadilike. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mutoto, kifungu 57, inaongeza kama malezi nyumbani na kwenye masomo inapashwa kumutendea mutoto kwa utu. Basi ruhusa iko, na iko na masharti. Nani anapashwa kuonyesha kama masharti yalifuatwa?

Wafanyakazi wa mine wanajua jibu, juu Kode ya kazi ya 2002 iliwafundisha. Patron mwenye kufukuza mutu wa kontra ya kudumu anapashwa kuwa na sababu ya kweli, na kuiandika ndani ya barua. Hawezi kusema tu: «Ni mufanyakazi wangu, nilimuazibu.» Mwenye nguvu ndiye anaeleza juu ya nini aliitumia. Kama tunadai ile kwa mutu muzima mwenye sendika na avoka, namna gani tunaikatalia mutoto wa miaka 4, ambaye shahidi wake ni yule yule aliyemupiga?

Na tukumbuke. Wakati wa ukoloni, fimbo ya ngozi ya kiboko ilipita juu ya migongo ya babu zetu, na wenye kuitumia waliiita nidhamu. Hata hesabu ya fimbo iliandikwa ndani ya sheria. Jina zuri halikupunguza maumivu.

Wengine watasema: «Katiba, kifungu 17, inasema mushitakiwa ahesabiwe hana kosa mpaka hukumu ya mwisho. Munataka kugeuza ile kwa wazazi?» Hapana. Ni parke ndiyo inapashwa kuhakikisha kama mutoto alipigwa, na nani, na kwa kidonda gani. Ule muzigo ubakie kwake. Lakini kisha ile kuonekana wazi, mwenye kukimbilia kifungu 326 aeleze mambo 4. Mutoto alikosa nini? Ana miaka ngapi? Ulimufanya nini, na kwa kitu gani? Ulitafuta abadilike, ao ulikuwa unamaliza hasira yako? Kama maelezo yake inasimama, ao shaka inabakia, zuzi atamuachilia, na ni haki. Kama hana maelezo yoyote, neno «malezi» peke yake lisimufiche.

Kuna kesi ambamo ulizo la kwanza linatosha. Mutoto anafungwa kamba, ananyimwa chakula, anachomwa, juu ya kusema ni mulozi. Katiba, kifungu 41, inakataza kumushitaki mutoto ulozi, na sheria ya 2009, kifungu 160, inamuwekea mwenye kushitaki kifungo cha mwaka 1 mpaka miaka 3. Pale mutoto hana kosa, kwa hiyo hakuna malezi ya kuzungumuzia.

Woga ingine iko na uzito zaidi: polisi watageuza kila kofi kuwa njia ya kuomba franka. Tunaijua hiyo shida, kila mutu mwenye pikipiki anaijua. Juu ya hiyo, maulizo iandikwe, na mambo ifike mbele ya zuzi, isimalizwe kituoni kwa «amande» isiyo na karatasi. Muzazi aliyeazibu kwa kipimo ataijibu kwa dakika 5 na kurudia nyumbani na mutoto wake.

Tunaomba basi mambo 3. Kila OPJ anayesikia «nilimuazibu» aandike yale maulizo 4 na majibu yake ndani ya PV. Munganga anayepokea mutoto mwenye vidonda aandike vile alivyoviona, hata kama muzazi anasema mutoto alianguka. Na machefu wa avenue waache kupatanisha wakubwa kwa kreti ya bia juu ya mugongo wa mutoto ambaye hakuna mutu aliyemuuliza kitu.