Rudisha Kopo Ulipolitoa

Shangazi yangu alipopoteza uwezo wa kuona kwa sababu ya presha ya macho, jambo la kwanza tulilofanya nyumbani ni kumtoa jikoni. Mwanamke aliyepika pilau ya harusi nyingi za mtaa wetu Tanga aliwekewa kiti sebuleni, akawa analetewa chai iliyokwisha kutiwa sukari. Tuliiita huruma. Leo naiita dhuluma.

Imani iliyotuongoza imeenea majumbani mwetu: asiyeona akishika kisu atajikata, akisogelea jiko ataungua, basi heri akae. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulimfanya shangazi mgeni wa kudumu ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Imani hiyo haina msingi. Mpishi mzoefu hapiki kwa macho peke yake. Kitunguu kinachokaribia kuungua hukijua kwa harufu, na wali unaokauka maji huujua kwa mlio wa sufuria. Iliki na mdalasini havihitaji kutazamwa. Unga wa ngano na sembe hutofautishwa kwa vidole. Na umeme ukikatika usiku, anayekipata kiberiti upesi ni yule anayejua kilipowekwa, hata kama macho yake ni mabovu.

Kinachomuumiza asiyeona ni mlango wa kabati ulioachwa wazi usawa wa paji la uso, kisu kilichotumbukizwa kwenye beseni la povu, mafuta ya taa yaliyomiminwa ndani ya chupa ya maji ya kunywa. Hayo hufanywa na sisi tunaoona. Mkono wake una ramani: chumvi kushoto, sukari kulia, majani ya chai katikati. Ukihamisha kopo moja umeichana ramani hiyo. Kisha chai ikitiwa chumvi unasema, "Si nilisema hawezi?"

Wapo watakaodai kwamba jiko linalomfaa asiyeona ni la nchi tajiri, lenye mizani inayotamka uzito. Vifaa hivyo vipo na vinafaa, lakini kazi kubwa inafanywa na fundi seremala wa mtaani. Atengeneze rafu zisizo na kina, zinazobeba safu moja tu ya makopo, ili mkono usipite juu ya moja kufuata jingine. Apigilie ubao mwembamba ukingoni, kopo likiguswa lisianguke. Milango iwe ya kuteleza. Sufuria nzito zikae chini, visu viwe ndani ya ala, mafuta ya taa yatoke kabisa jikoni. Raba bendi moja kwenye kopo la chumvi, mbili kwenye la sukari. Na kwa kuwa wengi wenye ulemavu wa kuona hubaki na uoni kiasi, ukingo wa rafu upakwe rangi iliyo mbali na ya ukuta. Mchele uwekwe kwenye bakuli jeusi, maharage kwenye jeupe.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unatambua haki ya kuishi kwa kujitegemea. Tumezoea kuidai haki hiyo kwenye ngazi za ofisi na vituo vya kura. Tuidai pia jikoni, ili mtu aamke alfajiri, achemshe maji yake, atie sukari kadiri aipendavyo, bila kumwamsha yeyote.

Shangazi alirudi jikoni siku mwanawe alipopigilia rafu mbili na kutupa sharti moja: ukichukua kitu, kirudishe ulipokitoa. Mwezi mzima sharti hilo lilivunjwa mara nyingi. Kila mara aliyelivunja alikuwa mmoja wetu, wenye macho.