JINA KAPUNI: Mastaa, Mwacheni Mtu na Kashata Yake!

Kuna staa mmoja wa hapa mjini, jina kapuni, juzi kati kaingia laivu usiku mnene akiwa amejilaza kwenye sofa jeupe pee, kiyoyozi kinavuma nyuma yake, akaanza kuwafundisha vijana wa Kitanzania kwa nini hawatoboi. Jibu lake lilikuwa moja tu: wanakula hela. Chai na chapati asubuhi, soda mchana, chipsi jioni, bando la kuangalia vichekesho usiku. Eti waache viraha vidogo vidogo, wajinyime, wawekeze. Komenti zikamiminika, nusu zinapiga makofi, nusu zinaomba nauli.

Wiki haijaisha, mhamasishaji mmoja mpenda suti za bluu naye akadakia. Yeye alikwenda mbali zaidi: kwake, anayenunua kashata wakati hana kiwanja ana akili ya kimaskini. Klipu ikasambaa kwenye magrupu ya WhatsApp. Wajomba wakawatumia wapwa zao. Mabosi wakawatumia wafanyakazi wanaodai nyongeza ya mshahara. Hao ndio walioifurahia kuliko wote, na haishangazi.

Sasa maneno yasemwe bila kumung'unywa. Watu hawa wanakosea hesabu, wanakosea historia, na baya kuliko yote, wanakosea utu.

Hesabu kwanza. Mchukulie dada mmoja anayeuza duka la nguo Kariakoo na kulala Mbagala. Tuseme kila siku anakula raha ya 1,500: kahawa, kashata mbili, bando kidogo la kucheka nalo kwenye daladala. Kwa mwezi wa siku 30 ni 45,000. Kwa mwaka mzima haifiki 550,000. Ni hela, hakuna anayebisha. Lakini mwenye nyumba wake anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Kwa chumba cha 60,000, hiyo ni 360,000 inayotoka siku moja. Mwenye nyumba akiamka vibaya akapandisha elfu kumi kwa mwezi, kwa mwaka ni 120,000. Hapo raha za siku 80 zimeyeyuka kwa sentensi moja iliyosemwa mlangoni. Bosi akimkata mshahara kwa sababu gauni moja limepotea dukani, raha za mwezi mwingine zimekwenda. Mtoto akiugua, ndiyo kabisa.

Mbona staa haingii laivu kuongelea kodi ya miezi sita? Mbona mhamasishaji hana semina ya mabosi juu ya mshahara unaoisha tarehe 10? Jibu ni rahisi. Mwenye nyumba anaweza kujibu, bosi anaweza kujibu. Kashata haiwezi kujibu, ndiyo maana inapigwa.

Na tukiwa bado kwenye hesabu, mhamasishaji huyo huyo anaweka kiingilio cha semina yake 50,000, hotelini, chai ya hoteli na sambusa mbili ndani. Hiyo ni raha ya 1,500 kwa siku 33. Mtu anatoka pale na daftari lenye picha ya mhamasishaji na moyo uliochangamka mpaka Jumatatu. Kama hiyo siyo raha ya kununua, basi ni nini? Tofauti na kashata ni kwamba faida inakwenda kwake.

Watetezi wao hukimbilia methali: haba na haba hujaza kibaba. Kweli tupu. Ila kibaba hujaa kama hakina tundu, na kijana ambaye mshahara wote unaishia kwenye kodi, nauli na unga, tundu lake si kashata. Tena nani kawaambia kwamba mnywa kahawa haweki akiba? Dada huyo huyo wa Kariakoo yumo kwenye mchezo wa wanawake kumi pale dukani, kila Ijumaa anatoa, na siku yake ikifika anapokea. Kibubu anacho uvunguni. Akiba na raha si wake wenza wanaogombea zamu. Zinakaa nyumba moja, na mara nyingi raha ndiyo inayompa mtu moyo wa kuendelea kuweka akiba mwezi wa saba, wa nane, wa tisa.

Njoo kwenye historia. Kizazi hiki kinadhani vyuma vimeanza kukaza jana. Waulizeni wazee juu ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Sukari ilikuwa adimu, sabuni adimu, khanga adimu, na kupanga foleni dukani ilikuwa sehemu ya siku. Sasa sikilizeni na hili: miaka hiyo hiyo ndiyo dansi lilikuwa limepamba moto Dar es Salaam. Mlimani Park, ile Sikinde iliyoanzishwa 1978, na Msondo ya Juwata zilikuwa na mashabiki wanaobishana kama Simba na Yanga. Watu wa foleni ya sabuni ndio hao hao waliovaa shati lao moja zuri jioni na kwenda kucheza. Raha ile haikuwazuia kujua kwamba hali ni mbaya. Iliwazuia kuvunjika.

Rudini nyuma zaidi. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, kwenye familia ya kimaskini. Aliuza vyungu vya mama yake akitembea na kuimba ili wanunuzi wasikie. Sauti hiyo ya muuza vyungu ndiyo iliyofika Bombay mwaka 1928 kurekodiwa kwenye santuri. Nyumbani, wapenzi wake wengi walikuwa watu wa Ng'ambo, upande wa wavuja jasho wa mji wa Zanzibar. Na ni watu wa Ng'ambo hao hao ambao mwishoni mwa miaka ya 1920 waligoma kulipa kodi ya viwanja walivyojengea vibanda vyao. Walikuwa na taarab na walikuwa na msimamo. Kwa hiyo ile hoja kwamba raha ndogo inamlaza maskini usingizi, historia ya pwani hii imeshaitupa nje. Mtu aliyecheka jana ana nguvu ya kudai haki yake leo. Aliyenyimwa kila kitu mpaka kicheko, huyo ndiye anayekubali chochote.

Halafu kuna kichekesho chenyewe sasa. Singeli ilipanda kutoka uswahilini, Manzese na Tandale, kwenye vigodoro vya watu waliochangishana hela ya spika. Leo mastaa wanaichota midundo hiyo wapate namba mitandaoni. Na hizo namba zinatoka wapi? Kwa kijana mwenye bando la jero, amekaa kwenye tofali nje ya geto lake, anaangalia wimbo mara ya nne kwa sababu unampoza. Hiyo ndiyo raha ndogo inayomlipa staa sofa jeupe na kiyoyozi. Siku kitaa kizima kikitii ushauri wa laivu ile na kuacha viraha, wa kwanza kurudisha ndinga kwa aliyemkodishia ni mshauri mwenyewe. Anakata tawi alilokalia, tena kwa kujivunia.

Upande wa pili nao usijifiche. Kuna mwanadada mmoja wa mitandaoni, naye jina kapuni, ambaye anaonekana kama anapinga hao wa kwanza. Yeye anahubiri kujipenda. Umechoka? Jipende. Umeachwa? Jipende. Lakini kila kujipenda kwake kuna bei: masaji ya laki, wikiendi ya boti Zanzibar, manukato yanayoletwa kwa oda kutoka Dubai, na kwa bahati nzuri sana oda inapitia kwake. Matokeo yake mtaani yanajulikana. Binti anakopa mkopo wa kausha damu apige picha moja akiwa na juisi yenye mwavuli juu, halafu anakaa miezi mitatu anazima simu akimkwepa mdai.

Ukimtazama vizuri, mwanadada huyu na yule staa ni ndugu. Mmoja anasema maskini asile raha. Mwingine anasema raha ni ile tu ambayo maskini haifikii. Wote wawili wanafunga mlango ule ule, mmoja kwa ufunguo, mwingine kwa bei. Waswahili walishamaliza: mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Ukweli ni kwamba mji huu, wenye watu zaidi ya milioni 5 kwa sensa ya 2022, usingelala siku moja kwa amani bila raha za bei chee. Kuna muuza kahawa anayepita jioni na dele lake akigonganisha vikombe, na kijiwe kizima kinachosogea kumpisha huku mabishano ya mpira yakiendelea. Kuna pantoni ya Magogoni kwenda Kigamboni, nauli ndogo tu, na upepo wa bahari usio na kiingilio kwa mtu aliyeshinda kwenye joto la stoo. Kuna mihogo ya Coco Beach, imepasuliwa ikapakwa pilipili na chumvi mpaka macho yanalia na roho inacheka. Kuna embe mbichi ya kipande, ubuyu wa kufunga kwenye nailoni, dafu la kunywa umesimama. Kuna drafti ya vizibo vya soda chini ya mwarobaini, ambapo fundi viatu anamfunga mwalimu wa sekondari kila siku na hakuna anayemheshimu mwenzake mpaka mchezo uishe. Kuna wanawake wanaosukana nywele uani redio ikiwa chini chini, na umbea wa mtaa mzima unatibiwa hapo bila miadi. Kuna kuoga maji ya baridi saa mbili usiku, kujifukiza kipande kidogo cha udi, na kuvaa khanga iliyolainika kwa kufuliwa. Hakuna aliyewahi kushindwa maisha kwa sababu ya hayo.

Ila haki itendeke pande zote. Si kila kinachoitwa raha ndogo ni raha. Mkeka wa jero unaochanika kila Jumamosi na kumfanya mtu atafute jero nyingine ya kurudisha ile ya kwanza, huo si raha, ni deni lililovaa jezi. Chupa inayomlaza kijana mpaka saa sita mchana akose kibarua, hiyo nayo si raha. Kipimo ni chepesi. Raha ndogo ya kweli inaisha leo bila kuacha deni la kesho. Inamfanya mtu aamke akiwa mzima zaidi ya alivyolala. Na haihitaji kamera, maana inanoga hata pasipokuwa na shahidi. Kikikosa kimoja kati ya hivyo vitatu, kiitwe jina lake halisi.

Pia ipo huzuni ambayo kahawa haiiwezi. Mtu asiyelala wiki ya tatu, asiyekula, asiyetaka kuona mtu na anayesema heri afe, huyo asipelekwe Coco kula mihogo. Apelekwe hospitali, na aliye karibu naye asimwache peke yake. Kumwambia atafute vitu vidogo vya kumfurahisha ni kumdhihaki.

Na ole wake atakayegeuza hoja hii kuwa mto wa kuwalaza watu. Wapo wakubwa ambao wakisikia maskini ana furaha zake, haraka wanahitimisha kwamba basi haitaji nyongeza, haitaji maji ya bomba, haitaji daladala yenye nafasi ya kusimama kwa heshima. La hasha! Kashata si malipo ya mshahara uliocheleweshwa. Raha ya mia mbili ni ya mwenye nayo. Haimsamehe deni mtu mwingine yeyote. Dada wa Kariakoo anaweza kumaliza kikombe chake, akajifuta midomo, na kwenda kumuuliza bosi wake kuhusu lile gauni alilokatwa. Vyote viwili kwa siku moja, na cha kwanza kimemsaidia kufanya cha pili.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na katika haki zake hiyo imo: kufurahi kidogo kabla mambo hayajanyooka, kwa sababu wengi wao wakisubiri yanyooke kwanza, watazeeka hawajawahi kuonja. Mastaa wenye ushauri wa bure wana pa kuupeleka: milango ya wenye nyumba na ofisi za mabosi iko wazi. Wakishamaliza huko, ndiyo warudi kuhesabu kashata za watu.

Wadau, mnasemaje? Na jero yako ya raha, wewe inaishia wapi?