Njia Isiyo na Injini: Baiskeli, Historia na Lugha ya Mashambani

Wahenga walinena kuwa mwenda pole hajikwai. Aghalabu methali hii hufundishwa kama onyo dhidi ya papara. Hata hivyo, ina funzo la pili lisilozingatiwa sana: mwenda pole, mbali na kutojikwaa, huona. Anayekipita kijiji kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa huambulia jina la kijiji hicho ubaoni, basi. Anayekipita kwa baiskeli husikia lafudhi ya wenyeji, huisoma tarehe iliyochongwa juu ya mlango, na hulazimika kuitikia salamu. Makala haya yanashikilia kuwa njia tulivu ya baiskeli, isiyoruhusu gari wala pikipiki, si anasa ya watalii. Ni namna ya kuisoma nchi, na Kenya, yenye magofu na mashamba ya kale, haina budi kuitafakari.

Mfano ulio bayana unapatikana kusini mwa Uhispania. Katika miaka ya 1920, chini ya utawala wa Primo de Rivera, ujenzi wa reli ulianzishwa katika milima ya Andalusia. Milima ilitobolewa mahandaki, na madaraja marefu yakajengwa juu ya mabonde. Kisha fedha zikakauka, siasa ikabadilika, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka mwaka 1936. Kati ya miji ya Puerto Serrano na Olvera, reli hiyo haikuwahi kupitisha garimoshi hata moja. Kwa miongo kadhaa ilibaki kovu mlimani, kumbukumbu ya mradi uliokufa kabla ya kuzaliwa.

Mwaka 1993 Uhispania ilianzisha mpango wa kuzigeuza reli zilizoachwa kuwa Vías Verdes, yaani Njia za Kijani. Hivi leo njia hizo zinazidi kilomita 3,000. Ile ya Puerto Serrano hadi Olvera ina urefu wa kilomita 36, mahandaki 30 na madaraja makubwa manne. Magari hayaruhusiwi. Wanaoipita ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na watu wa viti vya magurudumu. Siri ya wepesi wake ni kwamba garimoshi haliwezi kukwea mwinuko mkali. Kwa hiyo wahandisi walilazimika kuusawazisha mlima kwa ajili ya mashine ambayo haikufika. Aliyenufaika ni mzee wa miaka sabini anayekanyaga pedali bila kutweta. Stesheni ambazo hazikupata abiria zimekuwa mikahawa na nyumba za wageni. Jabali la Zaframagón, lililo kandokando ya njia, lina tumbusi wengi wanaozunguka angani bila kushtuliwa na honi.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, utajiri mkubwa wa njia hiyo umo katika maneno. Olvera ina ngome iliyojengwa enzi za utawala wa Waislamu na kutwaliwa na Wakristo wa Kastilia mwaka 1327. Lugha ya watawala hao wa kale haikuondoka pamoja nao. Mwendesha baiskeli hupita mizeituni na kuambiwa kuwa tunda lake ni aceituna. Mswahili husema zeituni. Mkahawani huletewa azúcar; Mswahili husema sukari. Kasri huitwa alcázar. Mkuu wa mji huitwa alcalde, neno lililotokana na lile lile la Kiarabu lililowapa Waswahili kadhi, ila Mhispania alimtoa kadhi mahakamani akamkalisha katika kiti cha meya.

Tofauti za maumbo zinafundisha zaidi ya mfanano. Kihispania kiliyapokea maneno hayo pamoja na kiambishi cha Kiarabu cha umahususi. Ndiyo maana yanaanza kwa al- au a-. Kiswahili kilikiacha kiambishi hicho, kikachukua mzizi na kuupa sauti zake. Aidha, kiunganishi hasta, chenye maana ya mpaka, ni ndugu wa hata ya Kiswahili, ambayo katika ngano na tenzi kongwe huchukua maana iyo hiyo. Lugha mbili zilizo mbali mno kijiografia zilikunywa kutoka kisima kimoja. Mambo haya yanapatikana vitabuni, lakini yeyote anayeyakuta njiani, moja baada ya jingine, kwa mwendo unaoruhusu kusimama na kuuliza, huyakumbuka daima.

Je, Kenya ina nini cha kulinganisha? Ina mengi, na mfano wa karibu ni Gede, katika Kaunti ya Kilifi. Mji huu wa Waswahili uliohamwa katika karne ya 17 ulitangazwa kuwa eneo la kihistoria mwaka 1927. James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948, na mwaka 2024 uliorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia. Ndani yake mna kasri, msikiti mkuu, makaburi ya nguzo, na kaburi lililochongwa mwaka wa Hijria 802, sawa na 1399. Pembeni kuna Msitu wa Arabuko-Sokoke, na kusini kuna hori la Mida lenye mikoko. Katikati ya hayo yote kuna mashamba ya minazi na mikorosho, na vijiji ambamo Kigiriama na Kiswahili hupokezana katika sentensi moja.

Lakini mwanafunzi hufikaje Gede? Hufika kwa basi, kwa barabara kuu ya Mombasa hadi Malindi. Hushuka, huonyeshwa kuta kwa saa moja, hupigwa picha, hurudi garini. Magofu huwa kwake kisiwa kilichotengwa na nchi iliyoyazaa. Haoni kwamba chokaa ya kuta ilitokana na matumbawe ya pwani hiyo hiyo, wala hapati kumsikiliza mzee wa kijiji jirani akiyataja magofu kwa majina na hofu zake mwenyewe. Historia hiyo inabaki kando ya njia ambayo basi haliwezi kuipita.

Wakati huo huo, baiskeli si kitu kigeni pwani. Muuza madafu huitumia, mvuvi huitumia kupeleka samaki sokoni, na mtoto huitumia kwenda shule. Tatizo ni kwamba watu hawa wote hulazimika kushindana na malori kwenye ukingo wa lami, na wanaposhindwa hulipa kwa viungo vyao au kwa uhai. Hapa ndipo mjadala unapoacha kuwa wa burudani. Njia iliyotengwa kati ya Gede, vijiji vyake na hori la Mida ingemfaa mtafiti mara chache kwa mwaka. Ingemfaa mtoto wa shule kila siku.

Lugha yenyewe inashuhudia jinsi baiskeli ilivyosukumwa pembeni. Neno bodaboda lilizaliwa katika mpaka wa Kenya na Uganda, kwenye baiskeli zilizovusha watu na mizigo yao. Leo Mkenya anapolitamka, kinachomjia akilini ni pikipiki. Injini ilichukua kazi, kisha ikachukua na jina. Wanaisimu wana istilahi ya mabadiliko ya maana kama haya, lakini mwendesha baiskeli aliyeachwa bila barabara na bila neno hakufarijiwa na istilahi.

Zipo hoja pinzani, nazo zinastahili kujibiwa. Hoja ya kwanza ni kuwa nchi yenye vijiji visivyo na lami haiwezi kufikiria njia za baiskeli. Jibu ni kwamba njia ya baiskeli haihitaji uzito wa barabara ya malori. Sehemu kubwa ya njia za vijijini tayari ipo, imekanyagwa na vizazi. Kinachohitajika ni ulinzi wa kisheria, alama zinazosomeka na daraja dogo pale palipo na kijito. Hoja ya pili ni kuwa faida itawaendea wageni. Hoja hii ina uzito, kwani pwani imeona miradi mingi iliyowapa wenyeji vumbi tu. Hata hivyo, Gede yenyewe ina ushahidi wa kinyume. Mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa hapo mwaka 1993, umewawezesha wakulima wanaopakana na msitu kufuga vipepeo na kuwauza ng'ambo, hivyo msitu ukawa na thamani ukiwa umesimama. Njia inaweza kuendeshwa kwa kanuni hiyo: anayekodisha baiskeli, anayeuza chai na anayesimulia historia awe mwenyeji.

Hoja ya tatu ni ya ardhi, na ndiyo ngumu kuliko zote. Hakuna anayepaswa kumnyang'anya mkulima shamba ili mwingine astarehe. Lakini swali halisi ni nini hutokea kwa ardhi ambayo tayari ni ya umma. Uhispania ilifaulu kwa sababu reli zilizoachwa hazikugawanywa vipande vipande kabla ya kufikiriwa upya. Kenya ina hifadhi za barabara na za reli, na kila Mkenya anajua jinsi hifadhi za namna hiyo zinavyomezwa na kuta za watu binafsi usiku mmoja. Kaunti ya Jiji la Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini mwaka 2015. Hiyo ilikuwa hatua njema, lakini ni ya jiji. Mashambani, mahali ambapo historia kubwa ya nchi imelala, pia panahitaji sera.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina nafasi yao katika jambo hili. Safari za kimasomo za kila mwaka zinaweza kupunguza saa za basi na kuongeza saa za njia. Majina ya vijiji, visima na miti mikubwa kati ya magofu yanaweza kukusanywa kabla ya wazee wanaoyajua kuondoka. Orodha kama hiyo ni kazi ya kitaaluma. Papo hapo ni hati ya kuonyesha kuwa njia fulani ilikuwapo, ilitumika, na ina wenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika suala hili, ukuta wenyewe ndio utakaokuwa umeifunga njia.